Fomu ya Jibril, Ng'ombe wa Molu

Mumina hakuwahi kutia maji kwenye maziwa yake. Soko lote la Garsen lilijua hivyo. Wauzaji wengine walitia kikombe kimoja, wengine viwili. Siku za ukame wengine walikuwa wanauza Mto Tana wenyewe. Mumina aliwaambia wateja wake, "Anayetaka maji aende mtoni. Kule ni bure."

Asubuhi hiyo alifika na jerikeni moja badala ya tatu. Aliiweka chini kwa kishindo. Alikuwa na hasira tangu alipoamka, na hakujua vizuri amkasirikie nani.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Priscilla, mama Levi. Priscilla ni mwenyeji wa Ngao. Alikuwa karani wa kumbukumbu hospitalini kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alisomea kazi ya msaidizi wa sheria. Watu wanamletea barua wasizozielewa, naye anawasomea. Anapenda chai ya maziwa mazito, basi kila siku anapita kwa Mumina.

"Mama Kadra, maziwa yameenda wapi leo?" aliuliza.

"Yameenda na ng'ombe."

"Ng'ombe wameenda wapi?"

"Wameuzwa. Sita. Na yule mwekundu wa marehemu mama yangu yumo."

Priscilla aliweka kikapu chake chini. Aliketi kwenye jiwe, karibu na Mumina. "Nani anauza ng'ombe wakati huu? Wamekonda, bei iko chini. Baba yako mzee Molu si mtu wa kukosea bei."

"Ni viza," Mumina alisema. Kisha akamweleza yote.

Mumina ameolewa na Jibril. Jibril anaishi Marekani, na ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Walioana miaka minne iliyopita alipokuja nyumbani. Tangu hapo ameonekana mara moja tu. Binti yao Kadra ana miaka mitatu. Akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu. Maombi ya Mumina na mtoto yalikuwa yamekwenda vizuri. Kisha barua ikaja kutoka ofisi ya viza ya kule, kwa Kiingereza. Jibril aliipiga picha akamtumia. Alisema tu, "Wanataka kuona pesa. Mtafuteni mtu wa hapo awasaidie. Mimi niko kazini."

Mtu wa hapo alikuwa Said. Ana ofisi juu ya duka la nguo, na picha ya ndege imebandikwa mlangoni. Said aliitazama barua kidogo. Akasema Mumina lazima awe na laki tano benki kwa siku kumi. Benki itatoa taarifa ya akaunti yenye muhuri mara moja, na siku hizo zikiisha pesa zinaweza kurudi kwa wenyewe. Mzee Molu aliuza ng'ombe sita. Pesa zilizobaki ziliazimwa kwa ndugu, hadi kwa watu wa mbali, huko Kinakomba. Said naye alichukua elfu arobaini, ada yake.

"Leo saa kumi ninatia sahihi," Mumina alisema. "Kesho anatuma."

"Barua unayo?"

Mumina alimpa simu. Priscilla alivaa miwani yake. Alisoma polepole, akarudia. Uso wake ulibadilika.

"Mwanangu, hapa hakuna mahali wanapotaka pesa zako. Wameandika kwamba mdhamini hajaonyesha kipato cha kutosha. Mdhamini ni nani?"

"Si mimi?"

"Wewe ni mwombaji. Mdhamini ni Jibril. Yeye ndiye anayeahidi serikali ya kule kwamba utakula, utalala, na hutakuwa mzigo wake. Ahadi ni yake, basi ushahidi pia ni wake. Wanataka fomu ya udhamini yenye sahihi yake. Wanataka karatasi zake za kodi ya mapato, hati zake za mshahara na barua ya mwajiri wake. Vyote hivyo viko kule. Havipatikani Garsen, hata ukiuza ng'ombe wote wa nyika hii."

Mumina alikaza kifuniko cha jerikeni, akakikaza tena.

"Kuna jambo lingine," Priscilla aliendelea. "Mahali pa kuandika idadi ya watu wa nyumba yake, Jibril ameandika mmoja. Wao wamemwambia arekebishe. Ajihesabu yeye, wewe na Kadra. Kila mtu akiongezeka, kipato kinachotakiwa kinapanda."

"Ametuacha nje? Mimi na mtoto wake?"

"Pengine hakuelewa swali. Muulize mwenyewe."

"Nitamuuliza," Mumina alisema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Waliuza maziwa yaliyobaki kwa haraka, kisha wakaenda kwa Said. Hawakungoja saa kumi. Mzee Molu alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti.

Said aliwapokea kwa maneno matamu. "Karibuni, karibuni. Bi Mumina, kila kitu tayari. Sahihi mbili tu."

Karatasi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa taarifa ya benki. Ya pili ilikuwa barua ya kazi. Priscilla aliichukua akaisoma kwa sauti, na kutafsiri. Barua ilisema kwamba Mumina ni meneja wa kampuni ya maziwa, yenye wafanyakazi kumi na wawili, na analipwa laki moja na nusu kwa mwezi.

"Wafanyakazi kumi na wawili," Mumina alisema. "Wako wapi? Niwaonyeshe pa kukamua."

Said alicheka. "Dada, ni karatasi tu. Kila mtu anafanya hivyo."

"Mimi sifanyi. Sijatia kikombe cha maji kwenye maziwa, na wewe unataka nitie mto mzima kwenye barua?"

Mzee Molu aliinua mkono. Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni. "Ngoja, Mumina. Mimi nasema hii pesa si mbaya. Kwetu mtu anakosa ng'ombe, ndugu anampa ng'ombe. Inakaa boma yake, anakunywa maziwa. Siku nyingine inarudi. Hiyo si wizi. Hii pesa ni hiyo hiyo."

Hapo ndipo Said alipokuwa amewanasa. Aliijua desturi ile. Aliichukua kwa watu waungwana akaifanya mtego. Kila alipoambiwa kwamba pesa si zao, alijibu, "Mbona ng'ombe mnaazimana?" Wakanyamaza, kwa sababu ilionekana kweli.

Priscilla alimgeukia mzee kwa heshima. "Mzee Molu, ng'ombe wa ndugu akiwa bomani kwako, nani anajua kwamba si wako?"

"Watu yote anajua. Mtoto pia anajua."

"Na mtu akikuuliza?"

"Nasema ni ya fulani. Kwa nini nidanganye?"

"Basi hiyo ndiyo tofauti. Karatasi hii inamwambia mtu asiyewajua kwamba pesa ni za Mumina. Wale watu wanauliza pesa zimetoka wapi, na lini. Wakiona zimeingia juzi na kutoka kesho, wataelewa. Hapo hawatasema karatasi zimepungua. Watasema Mumina ni mwongo. Karatasi zikipungua, utaambiwa ulete nyingine. Ukidanganya, mlango unaweza kufungwa maisha yako yote. Na sahihi ni ya Mumina. Jina la Said haliko popote."

Mzee Molu aliichukua barua. Hakujua kusoma, lakini aliitazama kila upande, akitafuta jina la Said. Kisha alimtazama Said mwenyewe kwa muda mrefu.

"Ulikula ng'ombe yangu," alisema.

"Mzee, mimi sikumwambia mtu auze—"

"Nyamaza," Mumina alisema. "Nipe karatasi zangu zote, na pasipoti, na picha. Na elfu arobaini."

"Ada ya ofisi hairudi."

"Sawa," Priscilla alisema. "Basi andika risiti. Andika umelipwa elfu arobaini kwa kutengeneza barua hii ya kazi. Tutaipeleka polisi pamoja na barua yenyewe."

Said hakuandika risiti. Hakuwahi kuandika risiti kwa mtu yeyote, na mtu asiyetoa risiti anajua kwa nini. Alitoa elfu ishirini mfukoni. Nyingine aliapa kwamba amekwisha kuzitumia. Mumina alizichukua. Kisha alikwenda kituo cha polisi vilevile na kuandikisha malalamiko, Priscilla akiwa pembeni yake. Wiki hiyo picha ya ndege iliondolewa mlangoni. Mwezi uliofuata watu walisema Said amefungua ofisi katika mji mwingine. Kwa hiyo na wewe unayesoma, angalia milango ya mji wako.

Jioni ile Mumina alimpigia Jibril. Kule kulikuwa asubuhi, naye alikuwa anatoka zamu ya usiku. Mumina aliweka simu kwa sauti ya juu ili baba yake na Priscilla wasikie.

"Jibril, mshahara wako ni kiasi gani?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Miaka minne sijauliza. Leo nauliza."

Jibril aliutaja, kwa sauti ya chini. Kwa watu watatu, kwa kiwango cha kule, haukutosha. Alikuwa akijua tangu barua ilipofika.

Priscilla alisogea karibu na simu. "Mwanangu Jibril, hilo si mwisho. Sheria inaruhusu mdhamini wa pili. Si lazima awe ndugu. Lazima awe raia au mkaazi wa kudumu, mtu mzima, anayeishi hukohuko, na mwenye kipato cha kutosha. Naye atajaza fomu yake na kutoa karatasi zake za kodi. Wewe bado utajaza yako. Binti yangu Maurine alifanyiwa hivyo. Una mtu?"

Jibril alikohoa. "Kuna Barwako. Binti wa shangazi. Ni muuguzi."

"Barwako!" Mumina alisema. "Barwako mnakaa mji mmoja. Kwa nini hukumwomba?"

"Mumina, nitamwambiaje? Hapo nyumbani wote wanadhani mimi niko vizuri. Yeye akijua mshahara wangu, shangazi atajua. Shangazi akijua, Garsen yote itajua."

Hapo hasira ya Mumina ilipata mwenyewe. Ilikuwa imezunguka tangu asubuhi, na sasa ilitua.

"Umeona aibu kumwambia dada yako mshahara wako. Hukuona aibu baba yangu kuuza ng'ombe? Yule mwekundu mama aliniachia mimi. Nimemfuata sokoni nikimshika shingo. Mtoto wako amelala bila maziwa ya kutosha ili wewe uonekane tajiri kwa shangazi. Na kwenye fomu umeandika uko peke yako. Basi baki peke yako, kama ndivyo unavyotaka."

"Ile ya fomu sikuelewa. Wallahi, nilidhani wanauliza ninakaa na nani sasa."

"Mficha uchi hazai," Priscilla alisema kwa upole. "Kipato kidogo si dhambi, mwanangu. Kukificha ndiko kumewagharimu. Mwambie Barwako ukweli wote. Mwambie pia kwamba anaweka ahadi ya kisheria ya miaka mingi. Hata ninyi mkiachana, ahadi ile haifi. Asome kabla ya kutia sahihi. Akikataa ana haki."

Mzee Molu alisogea kwenye simu. "Jibril. Watu maskini mimi nimeona mingi. Mwanaume anaficha umaskini, mimi naona leo tu." Kisha akainuka kwenda kutazama ng'ombe waliobaki.

Barwako hakukataa. Alicheka kwanza, akasema hata yeye alipoanza kazi kule alilala chumba kimoja na watu watano. Alisoma fomu siku tatu. Aliuliza maswali, akatia sahihi. Jibril alirekebisha fomu yake: watu watatu. Huku Garsen, pesa za kuazima zilirudishwa kwa kila ndugu, kabla hata siku kumi hazijaisha. Ng'ombe hawakurudi. Walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye lori la wachinjaji.

Baada ya miezi mitano Mumina aliitwa Nairobi kwa mahojiano. Ofisa aliyekuwa nyuma ya kioo alimuuliza, "Unafanya kazi gani?"

"Ninauza maziwa sokoni Garsen."

"Na huko utasaidiwa na nani?"

"Mume wangu, na dada yake Barwako. Mshahara wa mume wangu peke yake hautoshi. Karatasi zao zote ziko hapo."

Ofisa alifungua faili, akalinganisha, akagonga muhuri. Mumina alitoka nje akalia, kisha akakasirika tena alipomkumbuka Said. Maneno haya machache ya kweli yalitosha, nao walikuwa wameuza ng'ombe sita.

Jibril alipiga simu siku hiyohiyo. Alitaka kukata tiketi.

"Ngoja," Mumina alisema. "Sipandi ndege kabla hujanunua ng'ombe. Mwekundu. Mmoja tu, wengine utalipa polepole. Na ununue kwa mshahara wako. Usiazime."

Ilimchukua wiki saba. Mtamba mwekundu aliletwa bomani asubuhi moja, kamba mpya shingoni. Mzee Molu alimzunguka. Alimshika pembe, akamtazama meno.

"Hii si ile ya mama yako," alisema.

"Najua, Baba."

"Ni ya nani?"

"Ni yetu," Mumina alisema. "Mtu akikuuliza, mwambie hivyo."