Kunukia Si Kunyoa

Kila asubuhi majirani walijua kwamba mhudumu wa hoteli anajinyoa. Hawakumwona. Walimnusa.

Krimu yake ya kunyolea ilinukia mnanaa. Harufu ilitoka bafuni, ikapita sebuleni, ikafika nje kwenye kamba za nguo. Kisha ilifuata sauti yake.

"Ssss! Aah! Mama yangu!"

"Inawasha tena?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Inawasha vizuri," alijibu. "Ikiwasha ndiyo inafanya kazi."

Maneno hayo aliyapata dukani. Muuza duka alifungua kopo, akamsogezea puani. "Nusa mwenyewe, kaka. Hii ndiyo ya mabosi. Inawasha kidogo kwa sababu inaua vijidudu." Mhudumu alinusa, akanunua. Hakuuliza povu lake likoje. Jambo hili linaudhi kweli. Kiatu tunakijaribu mguuni kabla ya kununua. Lakini kitu cha kupaka usoni, mahali pa kupitisha wembe, tunakichagua kwa pua tu!

Hoteli ilikuwa na sheria yake. Kila mhudumu wa mezani lazima awe amenyoa ndevu. Kwa hiyo alinyoa kila siku. Alipaka krimu, lakini povu lilikauka kabla wembe haujafika shingoni. Alipitisha wembe hivyo hivyo. Alirudia palepale, juu chini, chini juu, mpaka kidevu kikawa laini. Mwisho alijimwagia manukato yenye spiriti, akaruka ruka kwa maumivu.

Vipele vikaanza kumtoka. Vilijaa kidevuni, vikashuka shingoni. Wenzake kazini wakamwita Fenesi. Alicheka pamoja nao. Mtu akitaniwa kazini hucheka, afanye nini?

Lakini siku moja mteja alimtazama shingoni, akasukuma sahani pembeni. Msimamizi alimwita mhudumu jikoni.

"Wewe hujui kuoga?" alifoka. "Unawaletea watu uchafu mezani! Nenda nyuma ukaoshe masufuria. Uso ukisafika utarudi. Usiposafika, tafuta kazi kwingine."

Wahudumu wote walisikia. Mpishi naye alisikia. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea.

Mhudumu alirudi nyumbani ameinama. Alipomweleza mkewe, mama wa watu alipandwa na hasira.

"Mchafu? Wewe? Wewe unayemaliza maji ya nyumba nzima bafuni? Kesho naenda huko huko hotelini, anione!"

"Usiende, mke wangu. Utanifukuzisha kazi kabisa."

"Basi twende kwa Mama Nesi. Sasa hivi. Vaa viatu."

Mama Nesi alikuwa jirani yao. Alikuwa muuguzi mstaafu. Kwa miaka mingi aliwanyoa wagonjwa waliosubiri kupasuliwa. Alikuwa na msemo wake: "Nimewanyoa watu wengi kuliko kinyozi yeyote wa mtaa huu. Na wangu hawakuwa na nguvu za kulalamika."

Alimweka mhudumu karibu na dirisha. Akamwinua kidevu, akatazama kwa makini.

"Nani kakwambia huu ni uchafu?"

"Msimamizi wangu, mama."

"Yeye ni daktari wa ngozi?"

"Hapana."

"Basi asiseme asiyoyajua. Sikiliza, mwanangu. Nywele za ndevu zako zimejipinda. Ukizikata chini sana, ncha zake zinarudi ndani ya ngozi. Ngozi inavimba. Hicho ndicho kipele. Na ukinyoa bila povu la kutosha, wembe unakwangua ngozi yenyewe. Hata ukioga mara kumi kwa siku, vitatoka tu."

"Lakini natumia krimu nzuri," mhudumu alisema. Akatoa kopo mfukoni.

Mama Nesi alilinusa, akapiga chafya. "Hii ni ya kunyolea au ya kufukuzia mbu?"

"Inawasha kwa sababu inaua vijidudu."

Mama Nesi alipiga meza kwa kiganja. "Uongo mtupu! Ukitia chumvi kwenye kidonda, si inawasha? Je, umepona? Kuwasha ni ngozi inapiga kelele. Inakwambia, niache! Na wewe unaiongezea spiriti juu yake. Kosa hilo si lako peke yako. Ni la huyo aliyekuuzia maneno."

Alimtuma mke akaazime sabuni na krimu nyingine. Kaka yake mke alikuwa na krimu ya limau. Mama Nesi mwenyewe alikuwa na sabuni ya kunyolea ya mumewe, iliyonukia mti wa sandali. Kwenye duka la pili walipata sabuni ya kunyolea ya kijiti, rangi ya maziwa. Hiyo haikunukia kitu.

"Hii ya mwisho ni ya maskini," mhudumu alinong'ona.

"Nyamaza, utaona," alisema Mama Nesi.

Alichukua vikombe vinne. Kila kikombe alikitia sabuni au krimu kwa kipimo kile kile, na maji kidogo ya vuguvugu. Akazungusha brashi ya kunyolea mpaka povu likajaa. Kila mara aliisuuza brashi kabla ya kuanza kikombe kingine.

"Sasa tunywe chai," alisema. "Povu la kweli linajua kungoja."

Walikunywa chai yao taratibu. Walipomaliza, wakachungulia vikombe.

Krimu ya mnanaa ilikuwa imebaki maji. Povu lote lilikwisha. Krimu ya limau ilitoa mapovu makubwa, kama ya kuoshea vyombo, nayo yalikuwa yanapasuka moja moja. Povu la sandali lilisimama zito. Povu la sabuni ya kijiti nalo lilisimama, zito kama maziwa ya mgando.

"Chovya vidole, usugue," Mama Nesi alimwambia.

Mhudumu alichovya. Kwenye mnanaa vidole vilikwama. Kwenye limau viliteleza kidogo tu. Kwenye sandali na kijiti viliteleza kabisa.

"Wembe nao utapita hivyo hivyo," alisema Mama Nesi. "Umeona? Sandali inanukia, na povu lake ni zuri. Limau inanukia, na povu lake ni hewa. Harufu haikwambii lolote kuhusu kazi."

"Basi nachukua sandali!" mhudumu alisema. Bado pua yake ilikuwa inamtawala.

"Haraka ya nini? Ijaribu kwanza kwenye ngozi yako."

Alimpaka kidogo ya sandali na kidogo ya kijiti upande wa ndani wa mkono, kila moja mahali pake, kisha wakasuuza. Kesho yake pale pa sandali palikuwa panawasha na pamevimba. Pale pa kijiti palikuwa salama.

"Mume wangu hunyolea sandali bila shida," alisema Mama Nesi. "Wewe ngozi yako imeikataa. Kila ngozi na hali yake."

Kisha akamweleza la kufanya. "Huko kwenye masufuria hakuna anayekukagua. Basi usinyoe mpaka vipele vipone. Vikitoa usaha au vikiuma sana, nenda zahanati. Ukianza tena, lainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu. Paka povu zito. Tumia wembe mkali, wako peke yako. Ufuate ndevu zinakolala, usizipinge. Usikandamize. Vikibaki vindevu kidogo, viache! Na hiyo spiriti, itupe."

Mkewe alilirudisha kopo la mnanaa dukani mwenyewe. Aliliweka mezani mbele ya wateja. "Usimdanganye mtu mwingine kwamba kuwasha ni dawa," alimwambia muuza duka. "Mume wangu karibu akose kazi kwa maneno yako!" Muuza duka alijifanya anapanga rafu.

Mhudumu aliosha masufuria, na ndevu zikaota. Vipele vikakauka, vikaisha. Akaanza kunyoa taratibu, kwa sabuni ya kijiti. Bafuni hakukusikika tena kelele. Kidevu kikawa safi, na shingo pia.

Siku moja ukumbi wa hoteli ulifurika watu. Msimamizi alikuja mbio kule nyuma. Alimtazama mhudumu usoni.

"Vaa shati jeupe, uje mbele. Naona siku hizi unaoga."

Mhudumu aliweka sufuria chini. Alisimama wima.

"Bosi, mimi nilikuwa naoga tangu zamani. Niliumizwa na krimu mbaya na kunyoa vibaya. Uliniita mchafu mbele ya wenzangu hawa. Naomba uyafute maneno hayo mbele yao."

"Wateja wanangoja!"

"Na mimi nangoja, bosi."

Mpishi alipunguza moto ili asikie vizuri. Wahudumu wawili walisimama mlangoni na sinia zao. Msimamizi aliwatazama, akautazama ukumbi uliojaa.

"Hukuwa mchafu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mpishi hajasikia," alisema mhudumu.

"Hukuwa mchafu! Nilikosea!"

Mhudumu alifuta mikono, akavaa shati jeupe, akabeba sahani kwenda mezani.