Mashine Iliyolishwa Kupita Kiasi

Asubuhi ile Mama Sidonie alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitwangia nyuma ya nyumba, kwenye kinu alichoachiwa na mama yake, na mchi ulilia ndu, ndu, ndu. Kijiji chao kiko pembeni ya uwanda wa Ruzizi, pale njia ya Lemera inapoanza kupanda milima.

Siku zile za vita watu walifanya kazi huku wanasikiliza. Mwanamke aliteka maji, sikio lake liko barabarani. Kwa hiyo Sidonie aliposikia ndu nyingine, isiyotoka kinuni, aliushika mchi hewani.

Ndu. Ndu-ndu.

"Mama!" Fanny, binti yake, aliita kutoka ndani. "Limeanza."

"Nimesikia. Iko mbali bado, usiogope."

"Hapana, mama. Si bunduki. Miye nasema tumbo."

Mchi ulimponyoka Sidonie. Mtoto wa kwanza wa Fanny alizaliwa kwa kupasuliwa, huko juu kwenye hospitali ya Lemera. Daktari aliwaambia wazi: mimba nyingine ikija, asithubutu kuzalia nyumbani. Kovu linaweza kuachia, na mama na mtoto wakaenda pamoja. Mume wa Fanny, Onesphore, alikuwa Kalundu, bandari ya Uvira, akipakua mizigo ya mashua, na barabara ya kwenda Uvira ilikuwa imefungwa.

Ilibaki njia moja, ya mlimani. Na kilibaki chombo kimoja, Chura.

Chura ni jina ililopewa na watoto wa kijiji. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, pana na fupi kama chura, iliyoachiwa kituo cha afya ili ibebe wagonjwa. Dereva wake alikuwa Marcellin, kijana mwenye mdomo mwingi na roho nzuri. Alipoitwa alifika mbio, akamkalisha Fanny kwenye godoro dogo nyuma yake. Sidonie alikaa mwisho, fungu la nguo mgongoni, akamkumbatia binti yake kwa mikono miwili.

"Mushikane vizuri," Marcellin alisema. "Leo Chura iko na nguvu. Jana niliilisha."

Njia ilikuwa imejaa watu wanaokimbia, na magodoro, na mbuzi, na masufuria kichwani. Chura ilipita katikati yao. Ilipofika kwenye mwinuko wa kwanza ulio mkali, Marcellin alibana gazi, kile kidude cha kuongeza petroli, kwa kidole gumba ili ichukue mbio.

Chura ilisita, kama mtu aliyeitwa akasahau anaitwa nani. Halafu ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikarudi nyuma kidogo na kuzimika.

"Yooo!" Sidonie alipiga kelele. "Shika breki, mutoto wangu!"

Marcellin alishika. Akapiga kiki, ikawaka. Akabana gazi, ikasita tena, ikafa. Chini bondeni bunduki zilikuwa hazihesabiki sasa. Fanny aliuma kitenge chake asipige kelele.

Mwanamke mmoja akatoka katika watu waliokimbia, akatua fungu lake. Aliitwa Libérate. Alikuwa amekimbia kutoka Kalundu kabla barabara haijafungwa, na huko baba yake alimfundisha kutengeneza injini za mashua.

"Washa tena," alimwambia Marcellin.

"Weye, mama, iko unajua mashine?"

"Washa. Utaniuliza baadaye."

Marcellin akawasha. Libérate aliinama akasikiliza. Akavuta kidogo kile kidude cha kupunguza hewa, ambacho madereva wanakiita stata. Chura ikatulia, ikaunguruma vizuri. Akaisukuma stata irudi, akabana gazi pole pole mpaka mwisho. Moshi mweusi ukamrudia usoni.

"Iko na magonjwa mawili," alisema. "Gazi ikiwa kidogo, iko na kiu. Nikiipunguzia hewa inapata nafuu, maana petroli inapita kidogo mno. Gazi ikiwa kubwa, inalewa, petroli inapita nyingi mno. Dereva, umeifanya nini?"

Marcellin aliangalia vidole vya miguu yake. "Mama... mutu anayepanda mulima si tunamupa chakula kingi? Nilisema na Chura ikule vizuri. Ndani ya kabureta kuna vipande vya shaba vyenye tundu, majikleri. Nilipanua tundu la jikleri kubwa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sindano."

Sidonie akashika kilemba chake. Sindano ilikuwa pale, imechomekwa kwenye kitambaa. Jana Marcellin alikuja kuiazima, naye alimpa akidhani anashona kiti.

"Ee Mungu," alisema polepole. "Ni yangu."

"Mutalaumiana Lemera," Libérate alisema. "Zima. Tungoje ipowe."

"Tungoje!" Marcellin aliruka, sigara mkononi. "Na risasi hizi?"

"Tungoje. Petroli ikidondoka juu ya chuma cha moto, tutaungua hapa hapa na mugonjwa. Na hiyo sigara rudisha mufukoni. Unataka kutumaliza mbele ya maadui?"

Wakamlaza Fanny kivulini. Hakuna kungoja kurefu kama kule. Watu walipita wakisema, "Mwachieni Mungu, kimbieni!" Sidonie alimpangusa binti yake jasho, na kila mlio wa bunduki aliusikia mgongoni. Ili asilie, aliuliza: "Mwanangu, kwa nini mashine ikatae chakula?"

"Mama, jikoni kwako ukijaza kuni na kuziba njia ya upepo, unapata nini?"

"Moshi."

"Basi. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko kule ziwani. Baba alipopandisha mashine yake ya kusaga milimani, ilitoa moshi hivi hivi. Hewa ikipungua, punguza kuni."

Sidonie akaelewa. Alikuwa amepika kwenye mafiga matatu tangu utoto.

Libérate aligusa injini kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa vuguvugu. Alifunga robineti, ile koki ya petroli, akafungua kikombe cha chini cha kabureta, akamwagia petroli yake kwenye chupa ya kioo. Chini ya chupa yalitulia matone ya maji, kama shanga, pamoja na mchanga.

"Petroli ya kununua njiani kwenye machupa," alisema. "Muliichuja?"

Marcellin akatikisa kichwa.

Jikleri ndogo, ile inayolisha injini gazi ikiwa kidogo, ilikuwa imezibwa na taka. Marcellin alinyoosha mkono kuelekea kilemba cha Sidonie. Libérate akaupiga.

"Hapana sindano! Chuma kinakula shaba. Tundu likipanuka halirudi." Akatoa funguni uzi mwembamba wa nailoni, ule wa wavuvi, akaupitisha tunduni mara kadhaa. "Na usipulize kwa mudomo. Petroli ni sumu."

Mzee mmoja alikuwa anapita anasukuma baiskeli yenye godoro na kuku. Pompi ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli. Sidonie alimpigia magoti njiani. Mzee aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akafungua pompi. "Haraka basi, mama, kuku wangu wanaogopa," alisema, akajificha mwenyewe nyuma ya baiskeli. Wakapuliza kwa pompi. Libérate aliinua jikleri juani, na mwanga ukapita ukiwa duara safi.

"Bado ile kubwa uliyoiharibu. Hakuna nyingine?"

Marcellin alitoa kopo chini ya kiti. Mlikuwa na majikleri mapya yaliyokuja na mashine. "Miye niliyadharau. Namba zake ni ndogo. Nikasema ni ya pikipiki ya mutoto."

"Namba ndogo, tundu dogo. Tundu dogo, petroli kidogo. Ndiyo ya milima hii."

Akafunga moja iliyopungua kidogo, si ile ndogo kabisa. Akafuta buji, ile plagi ya kuwasha moto wa injini, ambayo ilikuwa nyeusi kama chungu. Wakachuja petroli kwa kipande cha kitenge, wakaacha maji chini ya chupa.

"Washa. Usiondoke kwanza. Bana gazi ghafla."

Marcellin alifumba macho, akabana. Chura ilinguruma mara moja, bila kusita, bila moshi.

"Nenda!"

Libérate alibaki, maana hakukuwa na nafasi juu ya Chura, na Sidonie akamtupia lile fungu la nguo ili mzigo upungue. "Lichukue, mwanangu! Tutaonana juu!" Chura ikapanda. Kwenye kila kona Sidonie alingojea kile kikohozi. Hakikuja. Sauti za bunduki zikabaki nyuma, zikawa ndogo, zikawa kama mchi wa jirani.

Huko Lemera walimpasua Fanny mchana uleule. Akapata msichana mwenye sauti kali.

"Mumwite Jikleri," Marcellin alisema. "Mudogo, lakini kila kitu kinategemea yeye."

"Toka hapa!" Sidonie alimfukuza, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Libérate alifika kwa miguu jioni, na mafungu mawili kichwani. Kabla ya kukaa alimfungulisha Marcellin buji. Haikuwa nyeusi tena, wala nyeupe ya kukosa petroli. Ilikuwa kahawia, kama ganda la karanga iliyokaangwa.

"Sasa inakula sawa," alisema. "Lakini mukishuka uwandani, hewa ni nyingi. Rudisha jikleri yenye namba kubwa, isiyopanuliwa. Ukiacha hii ndogo, injini itachemka kwa njaa mpaka iharibike."

Njia ilipofunguka, walishuka. Kabla ya kushuka Marcellin alibadilisha jikleri, injini ikiwa baridi, robineti imefungwa, sigara iko mbali. Tangu hapo hakuweka petroli bila kuichuja, na Chura ilipeleka akina mama wengi Lemera bila kusita njiani.

Siku moja alifika nyuma ya nyumba, akakuta Sidonie amekaa kando ya kinu.

"Mama, niazime sindano."

Sidonie aliishika kilembani. "Ya nini?"

"Kiti cha Chura kimepasuka. Kweli kabisa, mama."

"Leta kiti hapa," Sidonie alisema. "Nitakishona mwenyewe."