Mvulana Aliyeipa Pole Nguzo

Treni ya chini ya ardhi ilikuwa imekwama tena, na stesheni ya Berri ilifurika watu wa jioni, makoti mazito, mabuti yanayochuruzika maji ya theluji, kila mtu akilaani kwa lugha yake. Katikati ya msongamano huo kijana mrefu, mwenye kofia ya sufu yenye kishada utosini, alikuwa anaongea na nguzo.

"Pole sana, bwana," aliiambia nguzo. "Najua mbwa wako amekufa. Nakushauri upumzike, unywe maji mengi."

Watu wakasogea pembeni. Msichana mmoja hakusogea. Alivaa koti jekundu lililomkaa sawasawa kiunoni na skafu ya rangi ya haradali, nywele amesuka twende kilioni.

"Umefeli," alisema.

Kijana akageuka, masikio yamemwiva kwa aibu. "Samahani?"

"Mtu kafiwa na mbwa wake, unamwambia anywe maji? Hata jina la mbwa hujauliza! Uliza jina kwanza, ndipo ajue unamjali."

"We umejuaje kama ni mazoezi?"

"Ama mazoezi ya mahojiano ya udaktari, ama wazimu. Nimekuombea yawe mazoezi."

Aliitwa Émeric Tanguay, mtoto wa dereva wa gari la kusukuma theluji huko mji wa Rimouski. Msichana alikuwa Mirlande Cadet wa mtaa wa Saint-Michel. Wote wawili walikuwa wanamaliza chuo cha awali, na wote walitaka kitu kimoja: kurukia udaktari moja kwa moja, bila kuzunguka kwenye digrii nyingine. Alama wanazo, lakini alama hazitoshi. Unaitwa kwenye mahojiano, unapitishwa chumba baada ya chumba, na humo ndani mwigizaji anakungoja akijifanya kafiwa au kaachwa na mke, ili wakubwa waone kama una moyo. Mirlande hakuwa na ruhusa ya kushindwa. Mama yake alishalitangazia kanisa zima la Wahaiti kwamba binti yake ni daktari, na kanisa likishajua jambo, limekwisha.

Wakawa wanafanya mazoezi kila Jumapili nyumbani kwa kina Mirlande. Bibi yake, Altagrâce, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa jiko. Alimpa Émeric supu ya maboga, bakuli la kwanza, kisha la pili bila kumuuliza.

"Huyu mtoto mbona mifupa mitupu? Huko kwao hawapiki?"

"Bibi, muache, tunasoma!"

"Someni. Mimi namlisha."

Jumapili moja ikawa zamu ya Émeric kuwa mgonjwa. Akashika kifua. "Daktari, moyo unanidunda nikimwona msichana fulani."

"Tangu lini?"

"Tangu nguzo."

"Acha hizo, wewe."

"Sitanii, Mirlande. Nakupenda." Machozi yakamlengalenga.

"Sauti imekuwa juu kidogo," Mirlande alisema, moyo wake mwenyewe ukienda mbio. "Rudia taratibu." Akarudia taratibu, wakabusiana, na jikoni bibi akagonga sufuria kwa mwiko kuwakumbusha kwamba yupo.

Mwezi wa tatu, wiki moja kabla ya mahojiano, Bibi Altagrâce akalala, akaondoka usingizini. Mirlande alimpigia Émeric asubuhi ile ile.

"Mpenzi... Bibi amefariki."

Émeric alikuwa ametoka kufanya mazoezi na wenzake, kichwa kimejaa vyumba na waigizaji. Akajibu kwa ile sauti laini ya mtihani, "Nasikia una maumivu makubwa. Pole sana. Bibi yako alikuwa anaitwa nani?"

"Umesemaje?"

"Yaani... nilitaka..."

"Umekula supu yake tangu Januari, unaniuliza alikuwa anaitwa nani? Mimi ni chumba cha ngapi, Émeric?"

"Mirlande, imenitoka tu!"

"Ndiyo hiyo inayoniogopesha. Siku ulipolia ukisema unanipenda, nilikusahihisha sauti mimi mwenyewe. Sasa nitajuaje lini unasema kweli?"

Akakata. Kijana alipiga mpaka simu ikamwishia chaji, hakupokelewa. Mjinga? Mjinga wa kutupwa! Lakini mkimlaumu, walaumuni wote wawili. Swali lile nani alimfundisha?

Jumamosi, siku ya mazishi, kanisa lilijaa, wamama na kofia zao pana za zambarau, waimbaji na makoti yao juu ya majoho. Émeric alikuja na suti nyeusi ya baba yake, mikono ya koti imeishia juu ya vifundo vya mikono yake. Njiani alikuwa ametunga maneno mazuri. Alipofika mbele ya Mirlande maneno yote yakayeyuka, akaangua kilio, kilio kibaya cha makamasi, mpaka mpiga kinanda akageuka.

"Alisema... alisema Pasaka atanifundisha kuipika supu yake," alisema kwa kukwama. "Mirlande, mimi nilimpenda yule bibi."

Mama yake Mirlande akanong'ona, "Jamani, mpeni kitambaa huyo mtoto."

Mirlande alimtazama. "Umefeli," alisema polepole.

"Najua."

"Umefeli vibaya sana. Ukilia hivi kwenye mahojiano watakutoa nje." Na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakamtoka. Akamshika mkono, hakuuachia mpaka ibada ilipokwisha.

Majibu yalitoka mwezi wa tano. Mirlande alichukuliwa. Mama alipiga ukelele majirani wakadhani moto, kisha akaanza kulipigia simu kanisa, mtu mmoja baada ya mwingine. Mirlande akaenda chumbani, akafunga mlango, akapiga yake kwa Émeric.

"Mpenzi, vipi?"

"Hawajanichukua." Sauti ilikuwa ndogo. "Hongera, daktari wangu. Nimefurahi, kweli. Vuli naanza biolojia, mwakani najaribu tena."

Mirlande aliyajua maneno yote ya kumfariji mtu. Ndiyo yaliyompa nafasi. Akayaweka kando.

"Unaitwa nani, bwana?"

Kicheko kidogo kikasikika, chenye machozi ndani yake.

"Naitwa Émeric, daktari."

"Unaumwa wapi, bwana Émeric?"

"Kote."

"Basi panda treni uje. Nimepika supu ya Bibi Altagrâce. Imeungua kidogo."

"Mgonjwa wako nipo hoi, unanipa supu iliyoungua?"

"Utakula mabakuli mawili," alisema Mirlande, "na la pili sikuulizi."