Kaseti Isiyo na Karatasi

Sisi tuliokuwa na vibanda pale Kiborloni tulimzoea Sirili wa Uru kwa ugonjwa wake mmoja: hakuweza kuona mtu ana kitu asikitamani. Ukija na kiatu kipya, atakiangalia kiatu kabla hajakuangalia usoni. Mwizi hakuwa, mchoyo hakuwa. Kilikuwa kijicho tu, na kijicho chenyewe kilianzia nyumbani kwao.

Walizaliwa wavulana watatu. Mathew wa kwanza, Sirili wa katikati, Jovin wa mwisho. Na mambo ya Uchagani mnayajua: mkubwa hukatiwa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi pamoja na mama aliyemo ndani, na wa katikati huambiwa dunia ni pana, akatafute. Sirili akaenda kutafuta. Alishuka mjini, akapanga chumba, akaweka televisheni na gemu, watoto wakawa wanamiminika kutoka shule. Hakulala njaa. Lakini kila alipokula ugali wake alifikiri mtori wa ndizi anaopikiwa Jovin na mama, na ugali ukawa hauna ladha.

Mathew ndiye aliyeleta gemu katika ukoo ule. Alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini, na mhandisi mmoja mgeni alipofungasha kurudi kwao alimuuzia mashine nzee ya kuchezea pamoja na sanduku la kaseti zake. Mathew hakuoa, hakuzaa. Alipofariki, vitu vyake viligawiwa siku ya matanga, mbele ya wajomba na mashangazi, kama inavyopasa.

Sirili akasema mashine na kaseti apewe yeye kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hakuna aliyebisha. Akakaa uani chini ya migomba akizichambua moja moja. Mwisho akabaki na kaseti moja ya rangi ya majivu, haina karatasi, haina jina, haina picha. Akaitupa pembeni.

"Hii si gemu," alisema. "Ni kopi. Haihesabiki."

Jovin akainama akaiokota. Akasema basi yeye ataiweka kama kumbukumbu ya kaka. Sirili alicheka, akamwambia mbele ya watu kwamba aliyezoea kupewa hata takataka hupokea. Mama yao, Kornelia, alimtazama Sirili.

Miaka ikapita. Mashine ile ilishaacha kutengenezwa, na hapo ndipo Sirili alipopata wazo lililomharibu. Kitu ambacho hakitengenezwi tena kina mwisho, na chenye mwisho mtu anaweza kuwa nacho chote. Akaanza kutafuta gemu zote za mashine ile, zote bila kubakisha. Alinunua Arusha, akaagiza Nairobi, akawabembeleza madereva wa malori. Alipigilia rafu ukutani, akazipanga kaseti zake, na mtoto hakuruhusiwa kuzigusa.

Mshauri wake alikuwa Filemon, fundi redio wa chumba cha pili. Walibishana hao kama watu wa siasa. Gemu moja yenye majina mawili ni gemu mbili au moja? Zile kaseti za Kichina zenye gemu mia ndani yake zinaingia? Filemon alisema kopi ni kopi, hata ikivaa suti. Sirili alikubali, maana kopi alikuwa nazo kila mtu, na yeye hakutaka alicho nacho kila mtu.

Siku moja Filemon akatoka kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi, akaja amejaa habari. Kumbe Wazungu nao wanagombania hayo hayo. Na kuna kaseti moja wanayoitafuta kuliko zote: ya rangi ya majivu, haina karatasi, haikuuzwa dukani popote. Wengine wanasema haihesabiki. Wengi wanasema asiyekuwa nayo hana zote.

Sirili alikaa kitako. Filemon alituambia baadaye kwamba alimwona akipauka midomo. Hakuumizwa na kuikosa kaseti. Kilichomuuma ni kwamba anayo Jovin. Nyumba anayo Jovin, mama anaye Jovin, na hiki kimoja kilichobaki duniani, anacho Jovin.

Jumapili baada ya misa alipanda Uru. Alifika mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye vichwa vya migomba. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni Jovin alikuwa ameshika pedi ya kuchezea gemu ya kimashine cha bei rahisi, na mama amekaa kando yake kwenye kigoda, macho kwenye televisheni. Hawakumsikia akiingia.

Gemu yenyewe haikuwa na muziki wala maadui. Ilikuwa picha ya nyumba katikati ya migomba, moshi ukitoka juu ya paa. Mtu mmoja mdogo alikuwa akizunguka nyumba, akiinama, akipalilia. Basi. Lakini aliinama kwa namna yake, mkono mmoja kiunoni.

"Si unamwona anavyoinama," mama alimnong'oneza Jovin. "Ni Mathew huyo."

Na akamwekea Jovin mkono kichwani. Sirili hakukumbuka lini mara ya mwisho mkono ule ulikaa kichwani kwake. Hata salamu hakutoa.

Aliomba kaseti. Jovin akakataa kwa upole, akisema mama ameizoea. Sirili akasema atampa mashine mpya badala yake, Jovin akakataa. Akashuka mjini na hasira zake, na wiki nzima hakuna mtoto aliyecheza kwa raha chumbani mwake.

Jumapili iliyofuata akafanya jambo ambalo mtu wa pwani asingelifikiria. Alichuma jani la sale mpakani mwa kihamba, akaingia nalo nyumbani, akapiga goti mbele ya mdogo wake. Sale si jani la mchezo. Ukimkosea mtu hata kwa damu, ukamletea sale, hana ruhusa ya kukukatalia. Sirili akaomba msamaha kwa maneno aliyomtupia Jovin siku ya matanga. Machozi yakamtoka, na sijui aliyatoa wapi. Halafu, jani likiwa bado mkononi, akasema ili ajue kweli amesamehewa, apewe ile kaseti.

Jovin aliangalia jani, akamwangalia mama. Akaenda akaichomoa.

Mama alimsindikiza Sirili hadi njiani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alimshika mkono. "Sale ni la kuomba radhi, mwanangu. Umelitumia kuchukua," alisema polepole. "Irudishe kabla hujaiwasha."

Sirili akasema sawa, mama. Akashuka nayo.

Jioni ile aliipanga kwenye rafu, mahali alipokuwa ameachia nafasi, akamwita Filemon aje ashuhudie. Zote zimetimia. Filemon akampa mkono wa hongera. Sirili alingoja furaha ije, haikuja. Rafu imejaa, na yeye bado anaufikiria ule mkono juu ya kichwa cha Jovin. Akaitoa kaseti, akaipuliza, akaichomeka.

Ikaja nyumba. Ikaja migomba. Lakini safari hii dirisha lilikuwa wazi, na ndani mnaonekana moto. Watu watatu wameuzunguka. Mmoja mwanamke, amejifunga kitambaa kichwani. Mmoja kijana. Wa tatu amewapa mgongo Sirili na Filemon, mkono kiunoni.

Mtu aliyekuwa akiendeshwa na pedi alisimama nje.

Sirili akampeleka mlangoni. Haukufunguka. Akabonyeza vitufe vyote, akamzungusha nyuma ya nyumba, akamrudisha. Mlango haukufunguka. Ndani mwanamke alikuwa akipakua chakula. Alipakua sahani za watu watatu akafunika chungu.

Sirili alizionea wivu picha. Mtu mzima, anatokwa jasho, anaonea wivu vidoa vya mwanga kwenye kioo.

"Zima, Sirili," Filemon alinong'ona. "Yule ni marehemu."

"Ndiyo maana," Sirili alijibu. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mathew. Wewe umekufa. Nipishe nikae mimi."

Yule wa tatu akageuka.

Filemon alitoka mbio akaacha viatu. Yaliyofuata aliyasikia kwa Sirili mwenyewe, na Sirili alisimulia mara moja tu.

Yule mtu alisimama kutoka kwenye kigoda. Akaja mlangoni. Akaufungua, akasimama kando. Mtu wa Sirili akaingia bila pedi kuguswa. Akakaa. Mwanamke akanyoosha mkono, akauweka kichwani kwake. Sirili akangoja ausikie. Hakusikia kitu.

Yule aliyetoka hakwenda kwenye migomba. Alikuja mbele. Alikuja upande wa kioo. Akawa mkubwa. Akawa mkubwa zaidi. Uso haukuwa na macho, ulikuwa na rangi tu. Halafu kioo kikazimika, taa ya chumbani ikiwa inawaka, na chumba kikanuka moshi wa kuni.

Asubuhi Sirili alijiona mzima. Akajicheka. Akanunua mkate, sukari na kipande cha kitenge, akapanda Uru kumrudishia mdogo wake kaseti. Njiani aliwasalimia wazee wa jirani waliomwona akizaliwa. Waliitikia kama mtu anavyomwitikia mpita njia.

Mama alikuwa uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetokea wapi?"

Alidhani bado amekasirika. Akaweka mfuko chini, akasema amekuja kuomba radhi ya kweli safari hii, hana jani, ana mdomo tu. Mama alimvutia kigoda, akamkaribisha akae huku nje, akamuuliza kwa adabu kama anamtafuta nani.

"Mama, ni mimi. Sirili."

Mwanamke yule alimwangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mgonjwa aliyepotea njia. Akainama asije akamwaibisha.

"Sirili yumo ndani, baba, anakula," alinong'ona. "Amerudi nyumbani jana jioni. Nikuitie?"

Ndani, kijiko kiligonga sahani. Jovin akasema jambo. Mtu akacheka, na kicheko kilikuwa cha Sirili, kile anachokitoa akiwa ameshiba. Ni kicheko ambacho sisi wa Kiborloni hatukuwahi kukisikia.

Alitaka kuingia. Alisimama mlangoni, akashika mlango. Haukuwa na komeo, nao haukufunguka.

Alishuka kwa miguu hadi mjini. Sisi tulimjua, tulimwita kwa jina, tukamwekea chai. Kwetu alikuwa Sirili yule yule, isipokuwa ule ugonjwa ulikuwa umekwisha. Ukija na kiatu kipya, hakioni. Padre alipanda Uru kuulizia akarudi akisema mama Kornelia ni mzima wa afya na anaishi na wanawe wawili, watu wenye upendo sana, amekula nao. Alipoulizwa wanafananaje, akamtazama Sirili kwa muda mrefu, akaomba maji.

Krismasi ilipofika, kila mwenye kwao alipanda mlimani. Sirili alibaki. Jioni Jovin akaja kibandani akiwa na nyama iliyofungwa kwa jani la mgomba na kamba ya mgomba, akamsalimia kama mteja anavyomsalimia muuza duka.

"Kaka amechinja mbuzi," alisema. "Akasema kuna fundi wa gemu huku mjini hana kwao, nimletee fungu."

Aliliweka mezani akaondoka.

Mimi na Filemon tulikuwepo. Sirili hakulifungua. Alilitazama tu lile jani, mahali ambapo aliyefunga alikuwa amekandamiza kidole gumba chenye mafuta na masizi ili kamba isiteleze. Alama ilikuwa wazi kabisa. Katikati yake kulikuwa na mstari wa kovu, umepinda.

Kovu lile tulilifahamu. Sirili alijikata kidole gumba kwa mundu utotoni akikata majani ya ng'ombe wa mama yake, na alikuwa akilionyesha kwa watoto waliolalamika kuumwa vidole kwa kucheza gemu.

Taratibu akageuza kiganja chake, akakisogeza kwenye taa. Tuliinama wote watatu kutazama. Kidole gumba kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo.