Nani Atampokea Jeska Mlangoni

"Rudi nyuma kidogo, sijaona dari," Jeska alisema, simu kaiegemeza kwenye beseni la sato pale soko la samaki la Mwigobero.

Hezron akarudi nyuma. Huko Ufaransa, kwenye kijiji kilichozungukwa na mashamba ya zabibu, alikuwa amemaliza kukarabati nyumba kuukuu aliyoinunua ikiwa gofu. Huyu kijana wa Nyamuswa ni fundi mawe hasa, tusimnyime sifa zake. Kuta nene alizibandua lipu mpaka mawe ya manjano yakatokeza, boriti za zamani akazing'arisha, madirisha ya mbao akayapaka bluu. Jikoni mna meko ambayo mtu mzima anaingia amesimama. Dirisha la chumbani linatazama mizabibu mpaka macho yanachoka. Jeska aliipenda nyumba ile.

"Hapa ndipo utakapoamkia," Hezron alisema taratibu. "Kila jiwe nililishika nikikuwaza wewe."

Debora, mama yake Jeska, alikuwa pembeni akipara samaki, jicho kwenye simu. Jumamosi wazee wa Hezron walitarajiwa kuleta posa nyumbani kwake. Akanawa mikono, akaichukua simu.

"Baba, nyumba nimeiona. Nzuri hivyo sijawahi kuona, Mungu shahidi. Lakini bibi arusi anapokelewaga. Mwanangu akifika hapo, nani atampokea mlangoni?"

Hezron akababaika. "Mimi mwenyewe, mama."

"Wewe ndiye unayeoa. Akiugua nawe uko kazini, nani atapiga hodi? Vyumba vyote hivyo umenizungusha, sijaona hata mtu mmoja."

Simu ilikatwa kwa adabu, lakini ilikatwa. Kilichomuuma Jeska ni kwamba mama yake alisema kweli. Alilia kidogo nyuma ya meza, akajifuta, akaandika: "Hezron, nakupenda, na nyumba naipenda. Ila kwenye nyumba isiyo na watu siwezi. Waambie wazee wasije kwanza."

Siku ile jibu halikuja. Kila simu ilipolia, Jeska aliidaka.

Kesho yake mchana Hezron akapiga, simu ya video. Mlango wa ile nyumba ulikuwa umejaa watu, na mbele yao kasimama bibi kikongwe aliyejifunga kitenge juu ya koti.

"Mama, nilikosea," Hezron alisema. "Jana niliwaomba watoke wote ili nyumba ionekane safi. Huyu ni Bibi Odette, jirani. Vigae vya paa alinipa yeye. Huyu Marcel, boriti tulizipandisha pamoja. Hawa wanashindaga hapa, mpaka mimi nawafukuzaga."

Bibi Odette akafungua mdomo, akapiga kigelegele. Kilikwaruza, kikakatika katikati, akakohoa, akaanza upya. Kumbe Hezron alikesha akifikiri, asubuhi akaenda kumfundisha.

Debora aliweka kisu chini, akacheka mpaka wauza dagaa wa jirani wakageuka. Halafu akaacha kucheka ghafla. Alitaka bibi aulizwe jambo moja: Jeska akikosea, ataweza kumkaripia?

Hezron akatafsiri. Bibi akajibu kwa maneno mengi, akimnyooshea Hezron kidole.

"Anasema mimi ananikaripia kila siku."

"Basi," Debora akasema. "Mwanangu atakuwa na mama huko. Wazee waje Jumamosi."

Akamrudishia Jeska simu. Jeska alitazama nyuso zile moja moja, machozi yakimchuruzika bila kuyafuta.

"Hezron."

"Naam, mpenzi."

"Siku nikifika, usimtoe mtu."