Pete ya Umuvumu

Viatu vya Zuena vilianza kumpwaya katikati ya ujauzito, wakati ambapo wanawake wenzake wa mtaani pale Gitega huvua viatu kwa sababu miguu imevimba. Yake ilisinyaa. Uso ulinawiri, mabega yakajaa, lakini kuanzia chini ya kifua alikuwa anakauka kama bua la mahindi.

Zahanati wakasema mtoto ni mdogo kuliko umri wake, mama ale vizuri. Alikula. Mama mkwe wake, Bi Kadidja, alimpikia maharage na ndizi, uji wa mtama, ndagala za ziwani. Chakula kilishuka mpaka chini ya matiti.

"Halafu kinasimama, mama," Zuena alisema kwa sauti ya chini. "Kama mtu ameweka mkono hapo."

Uthmani, mumewe, alikuwa mbali, huko Mwakiro katika mkoa wa Muyinga. Mtoto huyu wa fundi cherehani alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kusomea masta. Alisomea kilimo, upande wa fiziolojia ya mimea, yaani namna mmea unavyokula, unavyokunywa na kupumua. Utafiti wake ulihusu mti unavyojigawia chakula wakati wa ukame. Majani hupika sukari, nayo hushuka mizizini kwa njia ya gome. Ukivua gome pete nzima kuzunguka shina, juu ya pete mti hunenepa, na chini yake mizizi hufa njaa, polepole.

Miche aliyoiandaa ilikufa na jua, na siku za kuwasilisha kazi zilikuwa zinakaribia. Ndipo akauona umuvumu mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu, mpakani mwa shamba la mjane mmoja, Donatienne.

"Majani machache tu, mama," alimwambia.

"Majani, sawa," Donatienne akajibu. "Lakini gome usiguse. Huu muti iko na wenyewe. Mama mukwe wangu alikuwa anapita hapa amenyamaza, na mi nanyamaza. We unasoma, donc utacheka."

Hakucheka. Alimwahidi, kisha akangoja Jumapili, mjane alipokwenda misa, akaja na kisu. Alivua pete ya upana wa vidole vinne, akaukwangua mti mpaka ukawa mweupe ili gome lisipate pa kuotea tena. Utomvu ulimtiririka hadi viwikoni kama maziwa. Ndani ya shina alisikia kitu kidogo kikinyonya, kwa pupa, kama mtoto mchanga, kisha kikanyamaza. Akajiambia ni hewa katika mishipa ya mti.

Bi Kadidja alipompigia simu kuhusu mkewe, Uthmani alipanda gari la kwanza. Alifika Gitega mchana kweupe, akakuta chumba kinanuka gome bichi, ingawa hapakuwa na ukuni wala jani ndani ya nyumba ile. Zuena akafunua khanga. Chini ya matiti, kuzunguka mwili wote, ngozi ilikuwa imepauka na kulainika, kingo zake zimenyooka kama zilizopitiwa na kisu, na nyama ya juu yake imefura ikaning'inia. Uthmani akaweka vidole vyake vinne juu ya pete ile. Vilienea sawasawa.

Alasiri wakamwita Maalim Houssein. Alisoma Kurani kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha Zuena, na Zuena alikuwa ametulia tuli, mpaka mdomo wake ukafunguka na ikatoka sauti ambayo haikuwa ya hasira, bali ya mama aliyelia mpaka machozi yakamwishia.

"Wewe ni nani?" Maalim akauliza.

"Muulize mwenye kisu."

Uthmani akainamisha kichwa.

"Mwanangu alikuwa mizizini, ananyonya," sauti ikasema. "Huyu alimdanganya jirani yangu, akangoja aende kusali, akakata maziwa ya mwanangu. Tena anajua alichofanya, Maalim. Amekisomea."

"Mwache huyu mwanamke. Hana kosa."

"Na mwanangu alikuwa na kosa gani?"

Maalim akafunga kitabu. Akamvuta Uthmani kando ya mlango. "Naweza kusoma mpaka kesho, haitatoka. Iko na haki. Jini mwenye haki hafukuzwi, anaombwa."

Uthmani akarudi, akapiga magoti. "Nikiurudishia mti njia yake?"

"Rudisha," sauti ikajibu. "Halafu nitaamua."

Kulipokucha alikuwa Mwakiro. Donatienne alimkuta chini ya umuvumu, akaliona jeraha, kisha akaenda kuleta udongo wa mfinyanzi na majani ya mgomba. Uthmani alikata vitawi vibichi vya mti uleule, akavichonga ncha, akavipachika kutoka gome la chini hadi gome la juu kama madaraja, na kila alipokaza kimoja alisikia chini ya magoti yake, ndani kabisa ya ardhi, mtoto akilia kilio chembamba kilichozidi kufifia, naye akaongeza kasi, akifunga na kukandika udongo na kuomba kwa maneno yote aliyofundishwa, mpaka alipokaza cha mwisho na kilio kikakatika.

"Umesikia?" Donatienne akanong'ona.

"Nimesikia."

"Imenyamaza kama mwenye kushiba, ao kama…" Akafanya ishara ya msalaba.

Madaraja yalishika, yakachipua. Huko Gitega pete ya Zuena ikaanza kurudisha rangi, miguu ikajaa, na mtoto akacheza tumboni kwa nguvu. Nyumba ikapumua. Siku moja tu, Zuena akichagua mchele uani, alinyanyua uso akamwambia mumewe kwa ile sauti nyingine, "Njia imerudi. Lakini ulichelewa. Maziwa yangu yamebaki bila mtoto." Kisha akaomba asogezewe ungo.

Mvua zilipoanza akazaliwa msichana, mzito, mwenye macho maangavu. Alilikataa titi la mama yake tangu siku ya kwanza. Walijaribu kijiko, wakajaribu chupa. Alifumba mdomo akageuza uso. Hata hivyo kliniki kila walipompima alikuwa ameongezeka, na muuguzi akamsifu Zuena kwa kunyonyesha vizuri.

Adhuhuri moja Uthmani alisimama mlangoni mwa chumba. Mtoto alikuwa peke yake mkekani, amegeukia ukuta, mashavu yakienda na kurudi, koo likimeza, kiganja chake kidogo kikiminyaminya hewa. Uthmani akainua mguu ili aingie.

Zuena alimshika mkono kutoka nyuma. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa yasiyo na mnyonyaji.

"Mwache amalize," akasema polepole. "Jana nilimnyanyua kabla hajashiba. Miguu yake ikaanza kusinyaa mikononi mwangu."