Jina la Pili Chini ya Ukurasa

Upepo wa Itigi hauna adabu. Siku hiyo ya mwaka hamsini na saba, gari moshi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa linapumua stesheni na wachuuzi wa asali wanagombea madirisha, upepo ukampokonya kijana mmoja magazeti yake ukayatawanya kila upande. Magdalena, fundi cherehani aliyefika kupokea vitambaa, alilizuia moja kwa mguu.

"Dada, umelikanyaga jina langu," kijana akamwambia.

Aliinua mguu akatazama. Gazeti liliitwa *Jembe*, na chini kabisa ya ukurasa palikuwa na maandishi madogo: Mhariri na mchapishaji, Antipasi Njiku, Singida.

"Kumbe una jina. Nilidhani kazi yako ni kukimbizana na upepo."

Antipasi alicheka. Alivaa shati jeupe lenye wino kwenye ukosi, na macho yake hayakubanduka kwenye gauni la buluu ambalo Magdalena alijishonea mwenyewe likamkaa barabara kiunoni.

Tangu siku hiyo, kila alipoleta magazeti Itigi kwa lori, alipitia kibarazani kwa Magdalena. Asipoweza kuja alipiga simu stesheni, na karani Marko akatuma mtu kumwita fundi. Watu wote stesheni wakajifanya wana shughuli.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nitakula nikisikia umecheka."

Magdalena akicheka, na stesheni nzima inacheka.

Ndipo likaja toleo la mwezi wa sita. Chini ya ukurasa palikuwa na majina mawili: Mhariri, Antipasi Njiku. Mchapishaji, Dina Isaka. Magdalena alilikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena. Kesho yake alipanda lori kwenda Singida.

Ofisi ya *Jembe* ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka. Msichana mrefu wa gauni la njano, mikono imejaa wino, alikuwa anazungusha mashine ya kudurufu huku Antipasi akipokea karatasi. Hawakusemezana, wala hawakugongana mikono. Walifanya kazi kama watu waliozoeana miaka. Kilichomchoma Magdalena ni kwamba alipoingia, hakuna aliyeshtuka.

Nje, Antipasi alijieleza. Bwana Shauri, afisa wa serikali ya kikoloni, alikuwa amemwita Boma, ofisini kwake, na kumsomea sheria ya magazeti. Gazeti lazima lionyeshe nani anaandika na nani anachapisha, na afisa huyo alitaka watu wawili. Likionekana lina uchochezi, wote wawili watashtakiwa.

"Lile jina si pambo, Magda. Ni shingo. Nilikuogopea."

"Na yeye hukumwogopea?"

"Dina alijitolea."

"Mimi hukuniuliza."

Magdalena alirudi Itigi akamwagiza Marko kwamba simu ikija, yeye hayupo. Simu zilikuja, na Marko akadanganya kama alivyoagizwa.

Mwezi wa nane *Jembe* liliandika kwamba wafugaji wanalazimishwa mnadani kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Polisi wakaja wakachukua mashine, wakawachukua na Antipasi na Dina. Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari Itigi. Magdalena alilia, lakini ndani ya kilio chake wivu ulikuwa macho: hata kizimbani watasimama wawili.

Akaenda kusikiliza kesi. Hakimu alimtaka Dina awataje wafugaji waliotoa habari zile. Dina akajibu kwamba sheria inamtaka mchapishaji ajibu, na yeye yupo hapo anajibu; wengine majina yao hayapo kwenye ukurasa. Magdalena alitamani sana mwanamke yule awe mtu mbaya, na hakuwa mbaya. Antipasi alimtazama Dina kwa heshima, jicho ambalo Magdalena alidhani amewekewa yeye peke yake.

Antipasi alifungwa miezi sita, gazeti likasimamishwa. Dina alionywa akaachiwa. Nje ya mahakama alimfuata Magdalena.

"Wewe ndiye fundi wa Itigi. Kila habari alikuwa ananisomea, halafu anauliza kama wewe ungeielewa. Nilikuchoka kabla sijakuona." Akatabasamu kidogo. "Nenda kamwone. Mimi narudi kwetu Kinyangiri. Nina mchumba, na yeye pia ana wivu."

Magdalena alikwenda gerezani na chakula. Hakuzunguka.

"Ulimpenda?"

Antipasi alifikiri kwanza. "Niliipenda kazi tuliyofanya naye. Kuna siku sikuweza kuitenganisha na yeye."

Jibu lile lilimuuma hata hakumaliza kuongea naye. Lakini halikuwa la uongo, na Jumapili iliyofuata alirudi.

Alipotoka, Antipasi alikuja Itigi amekonda, akasema anataka kupeleka wazee kwa baba yake Magdalena kuposa.

"Kwanza gazeti," Magdalena akasema. "Jina langu likae chini ya lako. Ndipo uwatume wazee."

Wakaenda Boma, Singida. Karani wa hapo aliingia kwa Bwana Shauri, akatoka na majibu: mashine itarudishwa, lakini aliyefungwa kwa uchochezi haandikishwi tena. *Jembe* litatoka kwa jina moja tu, la mtu asiye na doa, na mtu huyo atabeba kila neno.

"Unaelewa, dada?" karani akauliza. "Wa kushitakiwa utakuwa wewe peke yako."

Antipasi alimshika kiwiko. "Twende zetu, Magda. Tutalima." Alikuwa anamvuta kuelekea mlangoni, na hapo Magdalena akauelewa ule woga wa kumwogopea, ambao yeye aliuona dharau. Miezi yote alitaka nafasi ya kusimama pembeni yake. Nafasi hiyo haikuwepo tena.

"Andika," akamwambia karani. "Magdalena Mathayo."

Wazee walikwenda, mahari ikakubaliwa, na baada ya mavuno wakaoana. *Jembe* likatoka tena. Asubuhi moja askari wawili wa Boma walisimama mlangoni pao Singida wakamtaka mchapishaji aende kuhojiwa kuhusu habari mpya ya mnada. Antipasi akasema yeye ndiye aliyeiandika. Askari wakamjibu kwa upole kwamba hawakutumwa kwake.

Magdalena alijitanda kanga akatoka nao. Antipasi alibaki kizingitini akiwatazama wakiipandisha njia ya Boma, mke wake katikati yao, na kwa mara ya kwanza akauonja wivu wa mtu ambaye jina lake halipo kwenye ukurasa.